Deni ya Baba na Papa Deni

Juma lililopita mkamwana wangu alipika sombe, majani ya muhogo, bila mawese. Hakuniuliza. Bei ya mafuta imepanda hapa Baraka, barabara imeharibika, lori hazifiki, na yeye akafanya vile alivyoweza. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikichagua maharagi. Harufu ikanifikia mbele ya chakula chenyewe. Sombe isiyo na mawese haina harufu ya chakula. Inanuka majani mabichi, inanuka nyasi za paa la zamani zikinyeshewa. Wajukuu wakaanza kunung'unika. Mimi nikala, nikamaliza, nikakaa kimya mpaka jirani akaniuliza kama ninaumwa. Sikuwa ninaumwa. Nilikuwa nimerudi Lweba, katika nyumba ya baba yangu, wakati ule tulipokula hivyo siku zote.

Ninawaandikia ninyi wa umri wangu. Vijana watasema koko, bibi yao, ameanza tena mambo yake ya kale, na waseme. Kama maandishi yangu yanapinda, mnivumilie. Masomo yangu yalikuwa mafupi, na habari hii ndiyo habari ya namna yalivyokatika.

Baba alikuwa mvuvi. Alivua ndagala kwa taa kama wengine wote wa pwani yetu, na watu walijua kwamba wavu ni wake na taa ni zake. Havikuwa vyake. Alikuwa amevichukua kwa mwenye duka mmoja wa hapa Baraka, wakapatana atalipa kidogo kidogo kwa samaki. Hilo hakumwambia mtu isipokuwa mama. Aliwaacha watu waamini walivyotaka kuamini, kwa sababu mwanaume mwenye wavu wake anasalimiwa tofauti na mwanaume anayevulia wavu wa mwingine.

Kisha upepo ukaja na mtumbwi ukapinduka. Wanaume wakaogelea, wote wakatoka wazima. Wavu ukaenda, taa zikaenda, ziwa likameza. Watu wakaja kwetu kumshukuru Mungu, wakaimba, mama akawapikia. Hakuna aliyeuliza wavu ulikuwa wa nani. Baba alikaa katikati yao amejifunika blanketi, akaitikia kila sala, na mimi nikadhani anatetemeka kwa baridi.

Siku chache baadaye nilikuwa ninatwanga mihogo nyuma ya jiko, nao wakawa ndani wanaongea kwa sauti ya chini. Sauti ya chini ndiyo mtoto anaisikia kuliko zote.

"Deni iko," baba alisema.

"Mi najua iko," mama akajibu.

"Deni iko kubwa, mama Asende. Iko kubwa kabisa."

"Na haina huruma."

"Tukicheka nayo itatukula. Itatutoa inje ya hii nyumba."

Nikaacha kutwanga. Sasa mnielewe vizuri. Mwenye kusema Kiswahili cha kitabu atasema deni lipo, deni ni kubwa, na mtoto wake hatakosea. Sisi kwetu tunasema iko. Mbuzi iko, baba iko, mvua iko, Mungu iko. Na kule Lweba, nyumba ya nne kutoka kwetu, alikuwepo mtu jina lake Deni.

Alibatizwa Denis. Wenye masomo wanaiandika na s mwishoni, lakini s hiyo hakuna mtu anayeitamka. Wakubwa walimwita Deni, sisi watoto tulimwita Papa Deni. Alichonga mipini ya majembe na makasia. Alikwenda jandoni pamoja na baba, siku moja, kisu kimoja, kwa hiyo waliitana majina matupu na kutukanana bila kukasirikiana. Alikuwa mjane asiye na mtoto. Alikuwa na tumbo kubwa, la kwanza Lweba nzima. Na alikuwa na desturi ya kupita kwetu wakati wa chakula. Baba anasema, "Deni, kuja, bugali iko," naye anajibu, "Mi nimeshiba," huku amekwisha kukaa na kunawa mikono.

Kwa hiyo sikuwa na shaka hata kidogo. Deni iko kubwa, hata kipofu aliona. Deni anatukula, nilikuwa ninamwona kwa macho yangu akikata tonge. Kitu kimoja tu kilinishangaza: kwamba Papa Deni, aliyekuwa akitupa mimi na Asende, mdogo wangu wa kiume, vipande vya mti tuchezee, anaweza kututoa katika nyumba. Lakini mama alisema hana huruma, na mama hakuwa mtu wa kusema uongo.

Tangu hapo nyumba yetu ikabadilika. Mama alikuwa na michikichi yake nyuma ya kijiji, na mawese yake yalikuwa mazuri, mekundu, watu waliyatafuta. Sasa yote yakaenda soko. Alikamua, akajaza, akabeba kichwani mpaka Baraka, akarudi na kikapu kitupu. Sombe tukala hivyo hivyo. Chumvi ya duka ikaisha, mama akachoma maganda ya ndizi, akachuja majivu, tukala chumvi ile nyeusi inayochoma ulimi. Sabuni ikaisha, tukafua kwa majani ya paipai. Baba aliingia katika mtumbwi wa mwingine kama mpiga kasia, akalipwa kwa ndagala, na ndagala wazima wakaenda soko nao. Sisi tulikula vumbi lao, vichwa na mikia iliyobaki chini ya kikapu. Kikwembe cha mama kilipochanika katikati alikikata, nusu akavaa yeye, nusu nikavaa mimi.

Kila kitu kilipoondoka nilisikia neno lile lile. Mama, mafuta haya ni ya nani? Ni ya deni. Na samaki hawa? Ya deni. Nikaangalia kule kwa Papa Deni kuona mafuta yetu yakiingia, sikuona kitu. Nikasema moyoni anapelekewa kwa kujificha.

Halafu wakanitoa masomoni. Baba aliniita kwa jina aliloniitaga, mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

"We mama, kuja hapa. Kesho hautaenda ku masomo."

"Juu ya nini, baba?"

"Minerval haiko. Ile tulikuwa nayo inaenda ku deni. Utabakia kusaidia mama yako."

"Siku gani nitarudia?"

"Deni ikiisha, utarudia."

Minerval ndiyo feza ya masomo, mnajua wenyewe namna neno hilo lilivyotusumbua sisi na watoto wetu. Nilikuwa mwaka wa pili. Mwalimu alikuwa ametufikisha kwenye herufi mbili zinazosimama pamoja. Tulimaliza ny, tukaambiwa kesho ni ng. Hiyo kesho sikuiona. Mpaka leo kila nikifika kwenye ng mkono wangu unasimama kidogo, kama mtu anayefika mtoni asijue kina chake.

Ndipo nikamchukia Papa Deni. Kwa mafuta sikumchukia sana, mafuta ni ya mama. Kwa masomo nilimchukia. Asubuhi nilikaa na jembe langu kando ya njia, watoto wenzangu wakapita na makaye yao ya kuandikia, na Papa Deni amekaa mbele ya nyumba yake anachonga na kupiga mluzi. Nikaona mtu ameketi juu ya masomo yangu kama kwenye kiti.

Mama naye akabadilisha saa ya chakula. Zamani tulikula jua linapoanguka, mlango wazi, mwenye kupita apite. Sasa tukala mchana katikati, watu wako mashambani, mlango umefungwa. Mnajua hiyo ni aibu namna gani kwetu. Kula na mlango umefungwa ni kazi ya wachawi. Lakini chakula kilikuwa kidogo, na mama alisema akikaribisha mtu mmoja itabidi Asende alale hivi hivi. Tulitafuna polepole bila kuongea. Jua lilipoanguka, Papa Deni akapita kama kawaida yake, akatukuta tumekaa nje, mikono mitupu. Baba akamwambia, "Deni, leo hatujapika." Siku nyingine, "Mama Asende anaumwa kichwa." Siku nyingine baba aliingia ndani tu alipomwona anakuja. Baadaye Papa Deni akaacha kupita. Mimi nikafurahi, nikasema tumemshinda.

Nikaacha kumsalimia. Nilipita mbele yake na ndoo ya maji kichwani kama ninapita mbele ya kisiki. Mara ya kwanza alidhani sikumwona. Mara nyingine akaweka shoka chini.

"Eh, mama yangu. Mama gani anapita mutoto yake bila kumusalimia?"

Hivyo ndivyo alivyonitania siku zote, kwa kuwa nilikuwa na jina la mama ya mwenzake wa jando. Nikakaza macho kwenye njia.

"Ulimi ulipeleka ku soko?"

Bamama waliokuwa kisimani wakacheka. Mmoja akasema, "Deni, huyu atakunyima maziwa." Mimi nikaendelea kutembea, na habari ikafika nyumbani mbele ya maji.

Mama alinishika sikio. Hakuwa mtu wa kupigapiga, lakini mikono yake ilikuwa migumu kwa kukamua.

"Unapita mukubwa bila kumusalimia? Mi nilikuzala hivyo?"

"Ni deni, mama," nikasema. Nilitaka kusema, huyo ni Deni, unajua mwenyewe anachotufanyia.

Mama akaachia sikio langu. Akaniangalia kwa muda, uso wake ukalegea kama mtu aliyeketishwa kwa nguvu. Leo ninajua alisikia nini. Alisikia mtoto wake anaona haya kusalimia watu kwa sababu nyumba yao ina deni. Wakati ule nilidhani nimemshinda kwa maneno.

"Deni haikatazi muntu kusalimia," akasema kwa sauti ya kuchoka.

"Haikatazi?"

"Hapana. Uibebe tu, lakini bantu usalimie."

Nikasalimia kesho yake, nusu mdomo, kwa sababu nilielewa kwamba Deni mwenyewe hajakataza.

Mvua ikapita, jua likakaa, mvua ikarudi. Tulikuwa tumezoea. Asende alisahau ladha ya mafuta, akipewa kwa jirani anasema yanateleza vibaya mdomoni. Mama alikonda, shingo ikawa ndefu. Wazazi hawakugombana na hawakucheka, waliongea kama watu wanaobeba gogo pamoja, hatua kwa hatua, shika hapa, weka pale. Jioni moja tukikoka moto, baba akasema maneno mapya.

"Mama Asende, deni iko inaisha."

"Iko inaisha?"

"Kidogo kidogo. Nimeiona leo. Haina nguvu ile ya mbele."

Na hapo ndipo hofu iliponikamata. Kwa sababu Papa Deni alikuwa anaisha kweli.

Alikuwa ameanza kuumwa. Watu walisema ni tumbo, walisema apelekwe Nundu ku hopitali, yeye akasema atapona na dawa ya miti. Tumbo lile kubwa likaingia ndani, ngozi ikabaki inaning'inia kama mfuko uliomwagwa unga. Mluzi ukanyamaza. Alichonga kidogo, akapumzika, akachonga. Nikaunganisha mambo yote kichwani mwangu. Sisi tunajinyima, yeye anakonda. Tulifunga mlango, naye akaanza kuisha. Baba na mama wanajua, wanaongea habari hiyo kama watu wanaohesabu magunia.

Nikamwuliza mama, tukipalilia. "Mama, Deni ikiisha kabisa, tutafanya nini?"

Mama alinyoosha mgongo. "Tutapiga magoti, tutashukuru Mungu."

"Hatutalia?"

"Tulie juu ya nini? Mutoto, mi nitacheza mpaka bantu baseme nimelewa."

Nikaangalia jembe langu. Kwa mara ya kwanza niliogopa wazazi wangu.

Nilitaka masomo. Sitasema uongo, niliyataka sana, nilikuwa ninaandika ny kwenye mchanga kwa kidole ili isitoroke. Na sasa masomo yangu yalikuwa mkono mmoja, na Papa Deni mkono mwingine, naye alipopita kwenda ziwani kuoga alikuwa anajishika ukutani. Mtoto hana watu wa kuwauliza mambo kama hayo. Siku hiyo mama alinipa kiazi kitamu cha kuchoma, changu chote, kwa kuwa nilikuwa nimelima vizuri. Nilikifunga katika kikwembe changu, nikazunguka nyuma ya nyumba za watu, nikampelekea.

Alikuwa amelala juu ya mkeka mlangoni. Nyumba yake ilikuwa tupu. Nilichungulia nione mafuta yetu, nione ndagala wetu, nione sabuni. Kulikuwa na sufuria moja na makasia ambayo hayajanunuliwa.

"Mama yangu," akasema. "Leo ulimi umerudia."

Nikampa kiazi. Akakigeuza mkononi.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Baba yako anajua?"

"Hapana. Usimuambie."

"Sawa. Sitamuambia." Akakata kiazi katikati, nusu akanirudishia, tukala. Alitafuna kama meno yanamuuma. Nikamwambia kile kilichonileta.

"Papa Deni, usiishe."

"Niishe? Naisha wapi?"

"Usiishe tu. Ukule."

Akacheka, kicheko kikawa kikohozi. "Mi si sabuni, mama yangu. Ni tumbo tu, itapita."

Nikaenda tena mara nyingine na mara nyingine, kila nilipopata kitu: muhogo, ukoko wa bugali, ndizi. Nilikula kidogo nyumbani, mama akadhani nina minyoo, akaninywesha dawa chungu. Hivyo ndivyo nilivyokaa: wazazi wangu wanajinyima ili Deni iishe, mimi ninajinyima ili Deni asiishe, na wote tunakula chungu kimoja.

Papa Deni akaanza kupata nafuu. Labda miti yake, labda Mungu. Mimi nilijua ni viazi. Kilichonishangaza ni kwamba baba aliendelea kusema deni iko inaisha, imebaki mkia, imebaki kucha, na yule ninamwona anaongezeka nyama. Nikasema baba hajamwangalia vizuri.

Kisha siku ikafika. Baba aliondoka asubuhi kwenda Baraka amevaa shati lake la kanisani. Alirudi mchana, jua kali, tukiwa nje. Alisimama mbele ya mama, hakuketi, hakuomba maji.

"Deni imekwisha," akasema.

Mama hakucheza. Aliketi chini palepale kwenye vumbi, akavuta kikwembe chake akajifunika kichwa, mabega yakaanza kutetemeka. Sauti ikatoka chini ya kitambaa, sauti ya kilio. Baba akageukia ukuta.

Kwetu mwanamke akijifunika hivyo na kulia hivyo, kuna mtu ameondoka. Nikapiga yowe. Nilipiga yowe la msiba, lile tunalojifunza kwa mama zetu bila kufundishwa, nikakimbia njiani, mikono kichwani. "Papa Deni amekufa. Papa Deni amekwisha." Bamama wakatoka, wakashika yowe, wakafunga vikwembe viunoni, wakakimbia nyuma yangu. Mzee mmoja akatuma mtu akapige ngoma ya kanisa. Tukafika kundi zima mbele ya nyumba ya nne.

Papa Deni akatoka, sahani mkononi, mdomo umejaa.

"Nani amekufa?" akauliza.

Watu wakasimama. Mama mmoja akasema, "Banasema ni we."

"Mi?" Akameza. "Nani amesema?"

Wote wakaniangalia. Baba alikuwa amefika anahema, nyuma yake mama, macho mekundu.

"Baba amesema," nikajibu. "Amesema Deni imekwisha. Na mama amelia."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha mwanamke yule aliyekuwa kisimani akaelewa, akaanza kucheka, akashika tumbo, akamwelezea mwenzake, na kicheko kikatembea katika kundi kama moto katika nyasi. Nilisimama katikati yao. Sikujua ninachekwa kwa nini. Nilimwona baba tu. Yeye hakucheka. Alikuwa amejificha muda wote ule, na sasa Lweba nzima imesimama mbele yake inajua kwamba ilikuwepo deni.

Papa Deni ndiye aliyenyamaza wa kwanza. Akaweka sahani chini.

"Deni gani?" akamwuliza baba.

"Wavu. Haikukuwa yangu. Na mataa."

"Njo maana mulikuwa munafunga mulango?"

"Njo maana."

"Siku yote ile?"

"Chakula ilikuwa haitoshe, Deni."

Papa Deni alimwangalia kwa muda mrefu. "Mi nililala hapa na ugonjwa, nikatafuta kosa yangu. Nikasema nilimufanyia nini ndugu yangu wa jando, hata kunipepea nzi hakuji. Nikatafuta, nikakosa."

"Haikukuwa we," baba akasema. "Ilikuwa deni."

"Na mi njo nani?"

Watu wakacheka tena, na safari hii baba naye akacheka, kidogo, mdomo wake ukipinda kama mlango uliokaa bila kufunguliwa. Papa Deni hakusema habari ya viazi. Alikuwa ameniahidi.

Kesho yake jua linapoanguka alikuja. Mlango ulikuwa wazi. Mama alimwaga mawese katika sombe, mkono wake ukasita juu ya sufuria, akamwaga. Papa Deni alisema ameshiba, akanawa mikono. Asende akakataa mafuta, akayasukuma kando. Tulikula bila kuongea sana, tulikuwa tumechoka. Watu wanafikiri siku deni inapoisha ni sikukuu. Ni siku ya kulala. Baba alilala mchana wote wa siku iliyofuata, mdomo wazi, na mama alikataza mtu kumwamsha.

Mimi nikangojea. Sikuwa ninauliza, nilikuwa ninangojea tu, maana neno lilikuwa limesemwa wazi: deni ikiisha, utarudia. Masomo yalipokaribia kufunguliwa, nilifua kikwembe changu kwa sabuni ya kweli. Baba akarudi kutoka Baraka na kaye moja na kalamu moja. Akampa Asende.

"We mama," akaniambia, bila kuniangalia, "umekuwa mukubwa. Ukirudia utakaa na batoto badogo, batakucheka. Na minerval ya bantu babili haiko. Asende njo ataanza."

"Deni si imekwisha?" nikasema.

"Imekwisha."

Nilimtazama mama. Mama alikuwa anachambua mboga, akaendelea kuchambua. Jani moja alilichambua mara nyingi, mpaka likabaki ujiti.

"Ndiyo, baba," nikasema. Asubuhi nikashika jembe. Asende alilia njia nzima, hataki masomo, mimi ndiye niliyemshika mkono mpaka mlangoni mwa darasa. Nikachungulia ubaoni. Halafu nikaenda shambani, mama alikuwa amekwisha kuanza mstari wake, nikaanza wangu.

Kusoma nilimalizia kanisani, pamoja na bamama wenzangu, nikiwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Sikumlaumu baba. Wa umri wangu mnajua mambo yalivyokuwa, wasichana wengi hata mwaka wa kwanza hawakuuona. Alifanya kazi kama punda, hakuiba, hakukimbia, hakumtoa mtu wake kuwa malipo, na wengine walifanya hivyo. Nasema tu yaliyokuwa.

Alipozeeka na kuanza kuondoka nilikwenda Lweba kumtunza. Watu walikuja kumsalimia, wakajaza nyumba, wazee, watu wa kanisa, Asende na wake zake. Siku moja alipata nguvu, akataka aketishwe. Nikamshika mgongo. Akawaangalia wote, mmoja mmoja.

"Mi naenda muzuri," akasema. "Hakuna muntu wa hapa atasema ananidai. Nililipa bote."

Watu wakaitikia. Kwetu hilo ni neno kubwa, wengi wanakufa bila kuweza kulisema. Mzee wa kanisa akasema amina. Baba akageuza kichwa, akanitafuta kwa macho yake ambayo hayakuwa yanaona vizuri tena.

"Si vile, mama?"

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakisogeza mdomoni mwake, nikamfuta maji yaliyomwagika kidevuni.

"Ndiyo, baba," nikamwambia.